Kifungu cha Saba

Mimi ni karani wa shule, na kabla sijaanza kumsimulia dada yangu naomba niseme jambo moja, msije mkanishangaa mbele ya safari: mpiga chapa hasomi. Watu wakiona barua zote za shule zinapita mkononi mwangu hudhani siri zote ninazo mimi. Wapi! Barua inaingia machoni, inatokea vidoleni, kichwani haikanyagi. Naweza kupiga kurasa kumi huku nabishana na mtu kwenye simu kuhusu rangi ya sare za harusi, na makosa yasizidi mawili. Nimefanya hivyo miaka kumi na sita, na nilikuwa najivunia, tena sana.

Dada yangu ni mpishi mkuu wa shule hiyo hiyo. Kati ya ofisi yangu na jiko lake kuna uwanja wa mpira wa pete, na sauti yake inauvuka uwanja huo bila taabu yoyote. Akisema “nani kaacha mfuniko wazi,” hata mkuu wa shule huacha kuandika. Ni mrefu, mweusi wa kung'aa, ana mikono ya kubeba sufuria la maharage peke yake na kicheko cha watu wanne. Wanafunzi wanamwita Profesa. Zamani nilidhani ni dharau, nikawa nawafokea. Kumbe wanamaanisha.

Mama yetu ndiye aliyekuwa mpishi hapo kabla yake. Dada wakati huo alikuwa kidato cha sita, analala bweni, darasani hashuki chini ya nafasi ya pili. Muhula wa mwisho, miezi mitatu kabla ya mtihani, mama akaanguka jikoni, kiharusi, upande mmoja wa mwili ukafa ganzi. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya wafanyakazi wa shule. Asiyepika, anahama. Baba tulikuwa tunamsikia kwa watu tu. Basi dada hakuitisha kikao. Jumapili alikula bwaloni mezani na wenzake. Jumatano alikuwa nyuma ya sufuria, aproni ya mama imemfika vifundoni, anawapakulia wenzake wale wale.

“Nilikuwa nasema ‘sogeza sahani’ basi,” aliniambia siku moja. “Nikiinua macho, nitalia, na chozi likiingia kwenye mboga watasema chumvi imezidi.”

Akacheka. Dada yangu hucheka mahali ambapo mimi ningerusha sufuria. Yeye alikuwa na miaka kumi na minane, mimi kumi na miwili. Mtihani ulifanyika, wenzake wakaondoka, yeye akabaki anaosha masinia. Mimi nikaja kusoma shule hiyo hiyo, nikapakuliwa na dada yangu miaka sita mizima, na sikuwahi kupata hata kijiko cha ziada. Hapendelei, hata uwe umetoka naye tumbo moja. Nikamaliza kidato cha sita, nikasomea ukarani, nikarudi kuajiriwa hapo. Kwa hiyo katika familia yetu aliyefika mwisho wa shule ni mimi, na mama mpaka anakufa alikuwa akipata barua yoyote anasema, “Mpelekeeni msomi.” Msomi ndiye mimi. Dada naye akawa anasema hivyo hivyo, na mimi kichwa kikavimba, sina haja ya kuficha.

Miaka mitatu kabla ya haya ninayoyasimulia, mtoto wake wa mwisho alipomaliza shule, dada alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akakaa kwenye kiti cha wageni kama mgeni kweli.

“Mdogo wangu,” akasema, “sasa zamu yangu.”

“Zamu ya nini?”

“Ya mtihani. Chuo cha ualimu kinapokea watu mpaka miaka arobaini na mitano. Mimi nina arobaini na mmoja. Nikisoma miaka mitatu nikafanya mtihani wa kidato cha sita, nitaingia mlangoni wakiwa wanaufunga.”

Nikacheka, halafu nikaona yeye hacheki. Dada kutocheka! Nikashika adabu yangu. Tukaandika barua chuoni, wakajibu kwamba nafasi yake ipo akileta cheti chenye masomo matatu kabla hajatimiza umri huo. Akachagua Historia, Jiografia na Kiswahili, yale yale aliyoyaacha.

Jinsi alivyosoma sijapata kuona. Kila mwaka kidato cha sita wakimaliza mtihani huwa wanarundika madaftari nyuma ya bweni wayachome, wanashangilia kama wametoka jela. Dada alikuwa anatangulia kufika. Anafungua kila daftari ukurasa wa mwisho. “Mvivu utamjua hapo,” anasema. “Mwanzo kila mtu ana mwandiko mzuri. Mimi namtafuta aliyeandika mpaka jalada.” Hayo ndiyo anayochukua, anayapanga stoo juu ya magunia ya mchele. Vitabu vipya hakuvitaka. Alisema kitabu kimeandikwa na mtu asiyemjua, ila daftari limeandikwa na mtoto aliyekula kwake.

Kisha akawa anakariri wakati wa kuchambua maharage. Yaani anamwaga maharage mezani, anayagawa mafungu sita, kila fungu sababu yake. “Sababu ya kwanza ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia!” anapaza sauti, na jiko zima linaitikia. Mpasua kuni, ambaye kusoma jina lake ni shughuli, alifikia kuzijua sababu zote sita na anamsahihisha anayeruka moja. Shemeji yangu, mume wa dada, fundi redio, alikuwa analalamika kila nikimtembelea: “Shemeji, nilioa mpishi, sasa nalala na maktaba. Jana usingizini kanitajia mito mikubwa yote, nikaamka nina kiu.” Lakini ndiye aliyemtengenezea taa ya kusomea.

Wanafunzi walipogundua, wakawa wanakuja dirishani jikoni kuulizwa maswali. Ukijibu vizuri hupati nyongeza ya chakula, unapata sifa. Walimu wawili watatu waliona wivu, nasema kweli. Mtihani wenyewe dada alikuwa anaujua kama anavyojua jiko lake: maswali manane, chagua manne, insha nne, kila insha utangulizi, sababu sita na mifano, hitimisho. Miaka yote umekuwa hivyo. Mimi niliufanya hivyo hivyo.

Basi mwaka wa tatu, mwezi wa pili, ndio yakaja mabadiliko.

Siku hiyo chumba cha walimu kilikuwa kama kimemwagiwa siafu. Wizara imebadilisha kozi zote za kidato cha tano na sita, na mtihani wa mwisho nao. Masomo mengine yanaunganishwa, mengine yanakufa. Insha za sababu sita, basi. Sasa mtahiniwa atapewa ramani, majedwali, barua za kale zinazopingana, aambiwe apime mwenyewe nani anasema kweli na kwa nini. Na darasani kutakuwa na kazi mradi zenye maksi zake. Mwalimu wa Jiografia, ambaye alikuwa na maandalio ya somo aliyoyaandika kabla mimi sijaajiriwa, alikaa na kikombe cha chai mpaka kikapoa, akasema, “Sasa mimi nifundishe nini?” Hakuna aliyemcheka.

Waraka wa baraza la mitihani ulifika ukiwa nakala ya nakala, wino umefifia. Mkuu wa shule akanipa niupige upya, unaosomeka, ubandikwe sehemu tatu: chumba cha walimu, getini, na ubao wa nje ya bwalo. Vifungu tisa. Nikaupiga kabla ya saa ya chai. Nakumbuka kabisa kwamba kifungu kimoja kilikuwa na neno lililoruka herufi, nikalisahihisha, nikajisifu moyoni kwamba baraza zima la mitihani halina karani kama mimi. Kifungu chenyewe kilikuwa kinasema nini, ukiniuliza siku ile ningekuapia sijui. Cha muhimu nilikwisha kukisikia kwa walimu: mtihani mpya unaanza na hawa wanaoingia kidato cha tano. Watakaomaliza mwaka huu wanafanya wa zamani.

Baada ya siku mbili tatu dada akaja na chupa ya chai ya ofisi. Nilikuwa nakimbizana na ratiba mpya, mkuu wa shule kasimama mlangoni anapumua. Dada akasimama pembeni mpaka mkuu alipotoka, anajifuta mikono kwenye aproni.

“Mdogo wangu, hebu niambie. Haya mabadiliko, sisi watahiniwa wa kujitegemea yanatuhusu?”

Sikuinua kichwa. “Hayakuhusu. Yanaanza na wanaoingia kidato cha tano. Wewe mtu wa zamani.”

“Una hakika?”

“Dada! Huo waraka nimeupiga chapa mimi. Ajue nani zaidi yangu?”

Akaiweka chupa ya chai mezani. Halafu akacheka kile kicheko chake, akasema, “Haya, bosi,” akaenda zake. Mimi nikaendelea na ratiba.

Na hata kumsajili nilimsajili mimi. Kompyuta ikakataa namba za masomo nilizozizoea. Nikabonyeza tena, ikakataa. Nikafungua orodha nikaona Historia ina namba nyingine, Jiografia nyingine. Nikasema hawa watu kazi yao kubadilisha namba tu, nikaweka zile mpya, mashine ikapokea. Nikamchapia dada karatasi yake ya usajili, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki asiiloweshe.

Mtihani ulianza Jumatatu, mwezi wa kumi na moja, Historia asubuhi. Dada alipitia jikoni kwanza. Alivaa gauni la buluu alilolivaa kwenye harusi ya binti yake, kalamu tatu mkononi, na bila aproni alionekana kama mtu mwingine, kijana zaidi. Wapishi wakagonga masufuria. Mpasua kuni akapaza sauti, “Sababu ya kwanza!” na dada akajibu huku anatembea, hageuki nyuma. Mimi nilisimama mlangoni mwa ofisi na machozi yalinilenga. Miaka ishirini na sita, jamani.

Ukumbini watahiniwa wa kujitegemea walikuwa wawili tu, dada na muuguzi mmoja wa zahanati. Waliwekwa safu ya mwisho, na pembeni yao wanafunzi wetu. Sheria ni kwamba nusu saa baada ya kuanza, mimi naingia kuchukua orodha ya mahudhurio kwa msimamizi. Nikaingia kwa kunyata. Nikamtafuta dada kwa macho, nimuone anavyotiririka.

Kalamu yake ilikuwa na kifuniko. Karatasi ya majibu nyeupe, ina namba yake ya mtihani tu. Mbele yake kulikuwa na kijitabu cha maswali kinene, rangi tofauti na cha wanafunzi, kimefunguliwa kwenye ramani ya mji na jedwali limejaa takwimu. Yeye hakukitazama. Alikuwa anatazama meza ya jirani yake, binti mmoja wa kidato cha sita anayekula sana wali, na nikafuata macho yake. Karatasi ya yule binti swali la nne liliandikwa: eleza sababu sita za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Binti alikuwa anaandika mbio, ulimi umetoka nje kidogo, anahesabu kwa vidole.

Nikadhani wamemchanganyia bahasha. Nikamgeukia msimamizi, nikamnong'oneza, “Yule mama kapewa karatasi isiyo yake.” Msimamizi akafungua faili lake bila haraka, akanionyesha. Watahiniwa wa kujitegemea, mtaala mpya. Namba za masomo ni zile zile nilizoziingiza mimi kwa mkono wangu.

Dada akainua macho akanikuta. Hakuonyesha ishara yoyote. Alinitazama tu, na uso wake ulikuwa umekauka, sijapata kuuona hivyo hata siku tuliyomzika mama. Msimamizi akaniambia nitoke. Nikatoka, orodha ya mahudhurio nimeisahau mezani kwake.

Nilirudi ofisini nikafungua kabati la nyaraka. Nikayavuta mafaili mpaka mengine yakaanguka. Waraka ulikuwa mahali pake, safi, hauna kosa hata moja, na chini kabisa kushoto zile herufi mbili za jina langu ninazoziweka kwenye kila nilichokipiga. Kifungu cha saba: watahiniwa wa kujitegemea, kwa kuwa hawana kidato cha kusubiriwa, watafanya mtihani mpya kuanzia mwaka huu. Ndicho kile nilichosahihisha herufi.

Nikakisoma mara ya pili, kwa sauti. Hawana kidato cha kusubiriwa! Nani anakaa ofisini akaandika maneno kama haya, kwamba mtu asiye na darasa, asiye na mwalimu, ndiye aanze kuonjeshwa? Nikapiga simu baraza la mitihani. Nikapiga kelele, sikatai. Mtu wa upande wa pili akaningoja nimalize, akaniuliza kwa upole, “Waraka mliupokea?” Nikasema tuliupokea. “Ulibandikwa?” Nikasema ulibandikwa. “Miezi mingapi imepita?” Nikahesabu. Miezi tisa. Miezi tisa dada alikuwa anagawa maharage mafungu sita. Miezi tisa angeweza kujifunza ramani, majedwali, barua zinazopingana. Mwanamke anayemjua mwanafunzi mvivu kwa ukurasa wa mwisho wa daftari angeshindwa kupima barua mbili? Asingeshindwa. Nakula kiapo, asingeshindwa.

Saa sita mtihani ukaisha. Nilipovuka uwanja, wanafunzi walikuwa wamekwisha kupanga mstari bwaloni, na dada alikuwa nyuma ya sufuria. Amevaa aproni juu ya lile gauni la buluu. Wapishi wenzake wamejikunyata hawajui wamsemeshe nini. Yule binti wa swali la nne akafika mbele, sahani mkononi, anachekelea.

“Profesa! Ule mtihani ulikuwa wako kabisa! Swali la nne nimelijaza lote, nilikuwa nakusikia kichwani unavyosema!”

“Hongera, mwanangu,” dada akasema. “Sogeza sahani.”

Nilitaka ardhi inimeze. Nikangoja mstari uishe, nikamfuata stoo. Alikuwa amekaa kwenye gunia la mchele, madaftari yake yote yamemzunguka. Yule muuguzi alikuwa kasimama karibu na mlango, amekuja kumpa pole, na alikuwa anasema kwa mshangao wa kweli, “Lakini dada, hukuuona waraka? Mimi nimeusoma hapa hapa kwenu, nje ya bwalo, nikanunua kitabu kipya siku hiyo hiyo.” Aliponiona akaaga.

Nilikuwa nimeushika ule waraka mkononi.

“Dada, ni mimi,” nikasema. “Ni mimi niliyekupoteza. Nimeupiga chapa sikuusoma. Kifungu cha saba. Kimeandikwa wazi, mimi nikakwambia hakikuhusu. Na namba nimeziona zimebadilika, nikaziweka tu. Nipige, dada. Nitukane, fanya unavyotaka.”

Hakuupokea waraka. Aliutazama kidogo akageuza uso.

“Nakijua kifungu cha saba,” akasema.

“Umekijua leo.”

“Nakijua tangu mwezi wa pili. Ubao uko hatua kumi kutoka jikoni kwangu, nisiusome? Nilikisoma siku mlipobandika. Nikakirudia. Nikaona kinasema sisi tunaanza mwaka huu.”

Naapa nilidhani sijasikia vizuri. “Ulikisoma? Sasa mbona...”

“Si nikaja kukuuliza?”

“Nikakujibu upuuzi! Mbona hukunibishia? Ungeniambia, ‘wewe mpumbavu, kifungu cha saba kinasema hivi,’ ningefungua faili pale pale!”

“Nikubishie wewe?” Aliuliza taratibu kabisa, kama anayeuliza kweli. “Wewe ndiye uliyemaliza shule. Mimi ni mpishi. Nilisema nimesoma vibaya. Nikajiambia, ona, hata waraka wa ukurasa mmoja unakushinda kuelewa, na bado unataka mtihani. Nikaona aibu. Nikaongeza bidii.”

Jamani, nimefiwa na mama, nimezika mtoto mchanga, lakini sijapata kupigwa na kitu kama maneno yale. Nikakaa chini, sakafuni, kwenye vumbi la unga, na sare yangu ya ofisi. Nililia kwa sauti. Dada hakulia. Alianza kuyapanga madaftari, jalada juu ya jalada, kisha akanyanyuka akaniambia nitoke anataka kupima mchele wa jioni.

Karatasi zilizobaki alizifanya zote. Nilimsihi apumzike, akanitazama kama siongei lugha yake. Kila asubuhi alipita jikoni, wapishi hawakugonga sufuria tena, anakwenda anakaa kwenye kiti chake mpaka kengele ya mwisho. Mkuu wa shule aliandika barua ya kumwombea, na mwalimu wa taaluma akaipeleka mwenyewe kwa mkono. Ilijibiwa kwa heshima zote: utaratibu ni ule ule kwa wote.

Matokeo yalitoka mwezi wa pili. Kiswahili alifaulu, tena vizuri, kwa sababu karatasi ile iliwataka waandike jinsi ya kumwelekeza mfanyakazi mpya kazi, na hiyo hakuikariri popote. Historia na Jiografia alianguka. Wiki hiyo hiyo akatimiza miaka arobaini na mitano. Shemeji alinunua keki, tukaila tumeinamia sahani. Barua ya chuo ilikuwa mistari miwili.

Msidhani amenichukia. Angenichukia ningepumua. Ijumaa nikimtembelea ananipikia, ananitania kwamba nimenenepa kwa kukaa kwenye kiti cha serikali, anampiga busu mtoto wangu. Na ameanza tena kusoma. Chuo hakuna, umri umepita, lakini anasema cheti chake anakitaka hata kama ni cha kufungia vitunguu. Safari hii amenunua kitabu kipya kwa fedha yake, na fomu ya usajili ameijaza mwenyewe, akaja kuigongesha muhuri tu.

Juzi baraza likaleta waraka mwingine, marekebisho ya mtihani mpya, vifungu kumi na viwili. Nilikwisha kuusoma mara nne kabla sijagusa kompyuta. Kifungu cha tano kinawahusu watahiniwa wa kujitegemea, na kimeandikwa kwa kuzungushazungusha, hata mwalimu wa taaluma alikuna kichwa. Nikalipigia simu baraza mwenyewe, nikaelezwa, nikaandika maelezo kwenye karatasi, nikayaweka mezani. Nikafungua mlango wangu wazi kabisa, nikangoja.

Saa nne nikamwona dada amesimama mbele ya ubao wa nje ya bwalo, kidole kwenye mstari, midomo inacheza. Alipofika kifungu cha tano akasimama. Akarudi juu, akasoma tena, akakunja uso. Kisha akajifuta mikono na kuvuka uwanja kuja upande wetu, na mimi nikaishika ile karatasi ya maelezo, nikasimama wima kama mtoto wa shule.

“Umeamkaje, mdogo wangu?” akasema alipofika mlangoni, kwa sauti yake ile ile ya kila siku.

“Nimeamka salama, dada. Karibu.”

“Ahsante,” akasema, akapita, akaenda kugonga mlango wa mwalimu wa taaluma. Salamu ananipa, lakini tangu siku ile ya stoo hajaniuliza swali hata moja. Hata la saa ngapi.